Taarifa ya Siku Saba

Mama Pacha alichaguliwa kuwa sauti ya wafanyakazi kwa sababu alikuwa na kila kitu kinachotakiwa: alikuwa mgeni nchini, alikuwa na watoto pacha anaowalea peke yake, na hakuwa na makuu. Mratibu wa shirika la kutetea wanyonge, binti mwenye roho nzuri na shanga kubwa shingoni, alimwambia hivyo waziwazi, kama mtu anayesifia sufuria dukani.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli, chini kabisa, ambako wageni hawashuki hata kwa bahati mbaya. Kazi yenyewe hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulikuwa kwenye zamu. Msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Sogeza, alipanga zamu kwa ujumbe wa simu, wakati wowote aliojisikia. Mara "njoo saa moja", mara "usije", mara "mbona hujafika". Simu ya Mama Pacha ilikuwa kuukuu, ikijaa haipokei kitu, basi kila ujumbe aliunakili kwenye daftari la shule la wanawe kabla ya kuufuta, pamoja na saa uliyoingia. Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa arobaini. Wala asingeweza kumwambia Bwana Sogeza aende zake, maana kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa na jina la hoteli hiyo. Akifukuzwa tu, ana siku thelathini za kufungasha yeye na pacha wake.

Shirika lilikuwa linapigania sheria moja ndogo: mwajiri atoe taarifa ya zamu siku saba kabla. Lilikuwa linaipigania kwa mwaka wa tatu sasa, kwenye semina zenye chai na biskuti. Mama Pacha aliitwa kwenye semina mbili ili afundishwe kueleza maisha yake mwenyewe. Wakamwandikia na karatasi. Ndani yake alijikuta anasema "changamoto za kimfumo" mara nne, naye hakumbuki kukutana nazo hata siku moja.

"Dada, haya ni maneno yangu kweli?" aliuliza.

"Ni yako, mama. Tumeyanyoosha kidogo tu."

Mama Pacha alikuwa amenyoosha vitu kwa miaka sita na alijua kitu kikizidishiwa pasi kinavyokuwa.

Kamati ya bunge iliwaita saa tatu asubuhi. Zamu yake ilikuwa ianze saa tisa mchana, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Saa mbili, akiwa njiani, ujumbe ukaingia: kikao kimesogezwa, sasa ni saa tano. Saa nne na nusu ukaingia mwingine: waheshimiwa wana jambo, mje saa saba. Zote mbili alizinakili, mkono ulikuwa umeshazoea. Saa sita na nusu yeye na Mratibu walifika mlangoni pa ukumbi, mlinzi akakusanya simu za watu wote na kuzitia kwenye kikapu. Ukutani palibandikwa tangazo: ratiba inaweza kubadilika bila taarifa. Mratibu alilisoma, akakohoa, akageukia dirishani.

Waliitwa ndani saa nane kasorobo. Kamati ilikuwa ya watu tisa, watano wakiwa macho. Mwenyekiti akampa Mama Pacha dakika tatu, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Akafungua karatasi ya shirika, akaitazama, akaikunja. Akatoa daftari.

"'Njoo saa kumi na moja alfajiri,'" akasoma. "Huu uliingia saa kumi. 'Rudi nyumbani, leo wageni wachache.' Huu ulinikuta mlangoni pa kazi. 'Zamu imesogezwa, subiri taarifa.' Siku hiyo pacha wana homa. Nilisubiri mpaka jua likazama."

Waheshimiwa wakaanza kutikisa vichwa. Wale wanne wakaamka.

"'Imesogezwa, sasa ni saa tano,'" akaendelea. "'Tuna jambo, mje saa saba.' Huu haukusema jambo gani."

"Huu ni unyanyasaji," Mwenyekiti akasema, akigonga meza. "Usiogope, mama. Mtaje huyo mwajiri."

"Hizo mbili za mwisho ni zenu, mheshimiwa. Za leo asubuhi."

Karani akaacha kuandika. Kusema kweli Mama Pacha alisikia raha, raha ambayo hakuwa ameisikia tangu aingie nchi hii. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake mzuri, kisha akatangaza kwamba suala hili ni zito mno, na kwa uzito huo litajadiliwa tarehe itakayotangazwa baadaye.

Nje, Mratibu alimkumbatia. "Mama, umewamaliza."

Mlinzi akamrudishia simu. Palikuwa na ujumbe wa saa sita na dakika arobaini: "Zamu imesogezwa. Unaanza saa saba na nusu. Ukikosa leo usije tena." Sasa ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Akaketi kwenye benchi. Aliwaza sare za shule za wanawe, alizozinunua kubwa makusudi ili wazivae miaka miwili.

"Tutaandika barua," Mratibu akasema. "Tutaitisha semi..." Akajikatiza mwenyewe.

Mama Pacha akaazima kalamu ya mlinzi. Akaunakili ujumbe ule, na saa yake. Kisha akasukuma mlango, akarudi ndani. Waheshimiwa walikuwa wanakusanya makabrasha.

"Umebaki mmoja," akasema, akausoma polepole. "Huu uliingia simu ikiwa kwenye kikapu chenu."

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusimama. Akakaa.

"Kuanzia leo nina siku thelathini za kukaa nchini, waheshimiwa. Hiyo tarehe yenu, itajeni sasa niiandike."

Akafungua ukurasa mpya, akasubiri, kalamu ya mlinzi mkononi.