Gari la Watoto Wapole

Wazazi wenzangu, kama mwanao anarudi kutoka shule amelala fofofo ndani ya gari, na jirani akakuambia una bahati ya mtoto mtulivu, usimshukuru bado. Soma kwanza yaliyonikuta.

Mwaka ule wakubwa waliamka wakagundua kwamba magari yanatoa moshi. Sisi tunaoanika nguo kando ya barabara tulishagundua zamani, ila hakuna aliyetuuliza. Ikatoka sheria mpya: kila gari lipimwe moshi, na linalobeba wanafunzi lipimwe kwa kipimo kikali zaidi. Likifaulu, libandikwe stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Hakuna stika, hakuna mkataba wa shule.

Mwanangu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameahidiwa mkataba huo, na miaka miwili alikuwa amekaa bila kazi. Kilichobaki ni gari. Basi sebule yangu ikageuka chuo cha mafuta. Kaka yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema anunue la dizeli, eti hiyo ndiyo injini ya kiume. Jirani yetu fundi cherehani akasema hapana, anunue la gesi, halafu akaongeza kwamba yeye mwenyewe hawezi kulipanda kwa kuogopa mtungi. Binti yangu akasema la umeme. Tukamtazama, tukaitazama na feni, ambayo ilikuwa imesimama tangu asubuhi.

Muuzaji magari ndiye aliyemaliza ubishi.

"Dizeli msiiguse, mama. Kwa sheria hii inakufa mwakani. Chukueni hii ya petroli, viti kumi na vinne, injini safi kama maziwa."

Ni kweli injini ilikuwa safi. Alichosahau kutuambia, maskini, maana ana mambo mengi kichwani, ni kwamba gari lilikuwa limetolewa masega. Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, ndani lina vitundu kama vya nyuki, nalo ndilo linalosafisha moshi kabla haujatoka. Watu huling'oa wakaliuza peke yake, kama anayeuza figo za mgonjwa kabla ya kumuuza mgonjwa.

Gari likapelekwa kupimwa, likafeli. Mkaguzi akasema lirudi na masega. Masega mapya tukaulizia bei, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndipo akatokea fundi. Gereji yake iko hatua chache kutoka kituo cha ukaguzi, na sasa najua kwa nini.

"Kununua ya nini, mama?" akaniambia, akifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nakodisha. Tunafunga asubuhi, gari inapimwa, inapita, tunafungua. Mchana inavaa mwingine."

"Na hao wakaguzi?"

"Wao wanapima moshi, hawaulizi masega ni ya nani."

Nje palikuwa na magari mawili yakisubiri masega hayohayo, kama maharusi watatu wanaogombea koti moja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku hiyo wahenga hawakuwa na mkataba wa shule. Sitajitoa. Nilikuwepo. Gari lilipopita nilimshika fundi mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwombea baraka. Akayafungua masega, pengo akaliziba kwa kipande cha bomba na waya, akasema, "Tayari. Hiyo sasa ni mpaka mwaka kesho."

Kazi ikaanza. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, yuko darasa la pili na anaishi kwangu. Akawa abiria wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa, na kwa sababu ni mpwa wa dereva akapewa kiti cha heshima: nyuma kabisa, dirishani. Dirisha lenyewe halifunguliwi. Shule iliagiza vioo vya watoto vifungwe wasije wakatoa mikono nje. Usalama kwanza.

Wiki ya pili sifa zikaanza kumiminika. Mama mmoja alinisimamisha dukani.

"Mwanao ana mkono gani jamani? Wangu alikuwa anarudi anaruka kama panzi. Siku hizi anashushwa amelala, namfungua viatu hata hajui!"

Mwalimu naye akasema watoto wa gari letu ndio wapole kuliko wa magari yote. Mwanangu akanunua miwani ya jua. Nami nikatembea kifua mbele, mama wa dereva mwenye kipaji cha malezi.

Ila mjukuu wangu akishuka alikuwa hataki kula. "Bibi, kichwa." Siku nyingine anatapika mlangoni. Nikampeleka zahanati, akapimwa damu, hana kitu. Mwalimu akashauri tupunguze televisheni. Kaka yangu, yule bingwa wa dizeli, akasema anadeka. Jumamosi mtoto anaamka mzima, anapanda ukuta wa jirani. Jumapili vivyo hivyo. Jumatatu jioni kichwa. Nikalala nikiwaza, ni ugonjwa gani huu unaokwenda mapumziko ya wiki? Shule nimeishia ya msingi, lakini siku za wiki nazijua.

Jumanne nikajifunga kanga, nikamwambia mwanangu, "Leo mchana nakuja na wewe kuwachukua watoto."

"Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama upole."

Nikakaa kiti cha nyuma, mjukuu wangu nikampakata. Mwanzo ilikuwa kelele, mmoja anaimba, wawili wanagombania kifutio. Tulipofika kwenye foleni ya taa, wimbo ukakatika. Mmoja akaegemea kioo. Mwingine akamwegemea huyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo nikaanza kuusikia ndani ya kichwa changu mwenyewe, hapa juu ya macho, du, du, du. Nikainama kama anayetafuta kiatu, nikainua zulia. Sakafu ilikuwa imeoza kwa kutu, pana tundu ningeweza kupitisha ngumi, na chini yake nikaona ile waya ya fundi. Hewa ya moto ikanipiga usoni.

"Simamisha gari!"

"Mama, tuko kwenye foleni..."

"Nimesema simamisha! Fungua milango!"

Tuliwashusha wote kumi na watatu kando ya barabara. Mmoja ilibidi abebwe. Walikaa kwenye ukingo wakipepesa macho kama vifaranga, mpaka mmoja akauliza kifutio chake kiko wapi, ndipo nami nikapumua. Mwanangu alikuwa amesimama na miwani yake ya jua. Kioo chake yeye, cha dereva, kilikuwa wazi njia nzima. Hakuwahi kuumwa kichwa hata siku moja.

"Unawalaza watoto wa watu kwa moshi," nikamwambia.

"Mama, usinitangazie mabaya. Gari imepita. Stika ile pale!"

"Stika inapumua?"

Nikapiga simu shule, watoto wakafuatwa na gari lingine. Kisha tukaenda sisi wawili, tumekaa mbele, vioo vya mbele wazi, hadi kituo cha ukaguzi. Mkaguzi alikuwa anakunywa chai. Nikamwomba apime tena.

"Bi mkubwa, hii imepita mwezi huu."

"Najua. Lililopita ni bomba. Naomba upime kiti cha nyuma."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sisi hatupimi viti."

"Na watoto hawakai kwenye bomba."

Sijui ni kwa huruma au ili niondoke, lakini alivuta ule mpira wa mashine yake, akaupitisha mlangoni, akauweka juu ya kiti cha nyuma, milango na vioo vikafungwa, injini ikaachwa inanguruma. Namba kwenye kioo cha mashine zikakaa sifuri. Mwanangu akanitazama kwa ushindi. Halafu zikaanza kupanda. Mkaguzi akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini, akaenda akafungua mlango mwenyewe, na akasimama mbali nao.

"Nani kafunga hili bomba?" akauliza.

"Fundi wako wa pale nje," nikasema. Ghafla akawa hamjui.

Akapekua makaratasi yake, akakuna kichwa. "Shida ni kwamba, bi mkubwa, fomu yetu haina sehemu ya ndani. Kwa karatasi, gari hii ni nzima mpaka mwaka kesho."

Mwanangu akashusha pumzi. "Umesikia, mama? Ni nzima. Nitaziba hilo tundu tu, kesho kazini."

Sikupiga kelele. Nikafungua mlango wa nyuma nikamwonyesha kile kiti cha dirishani.

"Sawa, baba. Kaa alipokaa mpwa wako. Tufunge milango, turudi nyumbani. Tutaomba mtu atuendeshee, mimi nitakaa mbele."

Akakitazama kile kiti. Kando yake kulikuwa na alama ya kichwa kidogo kwenye kioo, pale mtoto anapoegemea. Akaweka mguu mmoja ndani. Akautoa. Akavua miwani, akazunguka hadi mbele ya gari, akaanza kuibandua stika kwa ukucha. Ilikuwa imegandishwa vizuri sana. Hiyo nawasifu, gundi yao haina udanganyifu.

Mkataba ukaenda kwa mwingine. Gari liko uani juu ya mawe, linasubiri masega yake lenyewe na sakafu mpya, na mwanangu anampeleka mpwa wake shule kwa miguu, mkono kwa mkono.

Wiki iliyopita mwalimu alinipigia simu akilalamika. Anasema mtoto amebadilika, anaongea darasani, hatulii, anaruka kama panzi. Nikamwambia asante sana, mwalimu.

Na hilo gari jipya la shule nimeliona jana likipita. Lina stika ya kijani. Watoto wote wamelala.