Ushuhuda Niliotoa Jumapili

Binti yangu Chepngetich alisoma habari za asubuhi kwenye stesheni moja ya Dallas kwa miaka sita. Alhamisi moja alikuja kwangu Garland, akafunga mlango wa jikoni, akaniambia kuna stesheni ya Houston inayomtaka asome habari za saa kumi na mbili jioni. Kiti kikubwa. Mkataba ungetiwa sahihi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Baba, kazini hawajui. Usimwambie mtu."

"Mimi nitamwambia nani?"

Jumapili, mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Akasimama Onyancha, ninayefanya naye kazi ghalani Grand Prairie, akamshukuru Mungu kwa kumpa gari. Gari kuukuu, limetembea maili laki mbili! Kanisa zima likapiga makofi. Nikajiambia, kama hilo linapigiwa makofi, mimi nimekalia nini? Nikasimama, nikasema yote, hadi jina la stesheni. Wanawake walipiga vigelegele. Wacuka wa kwaya alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Kamera sikuikumbuka. Ibada yetu hurushwa mtandaoni ili jamaa walioko Eldoret watazame. Mtu alikata kipande changu akakisambaza, na kufikia Jumatatu jioni kilikuwa kimefika kwa wakubwa wa Chepngetich.

Jumanne niliwasha televisheni nikaona kijana mwingine amekaa mahali pake. Hakuna aliyemtaja. Miaka sita, na hata kwaheri hakuaga. Ndivyo wanavyofanya wenye stesheni: anayehamia kwa wapinzani hapewi maikrofoni tena.

Mchana Chepngetich alikuja na sanduku la vitu vyake.

"Wamenisindikiza hadi kwenye gari, Baba. Mlinzi amenibebea viatu."

"Si ulikuwa unaondoka tu?"

"Nilikuwa naondoka nikiwa na kazi. Wiki jana Houston walikuwa wananibembeleza. Leo wanajua sina pa kwenda."

"Kosa ni la hao wa kamera. Nani aliwaambia warushe kila kitu?"

"Kamera haikusimama kutoa ushuhuda, Baba."

Niliosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ijumaa Houston walimwandikia. Alisoma kwenye simu, mezani kwangu, kwa sauti ileile ya kusomea habari za watu wengine. Kiti cha jioni kimepewa mwingine. Kuna nafasi ya kutangaza hali ya barabara, Jumamosi na Jumapili alfajiri. Ajibu kabla ya saa kumi.

"Kataa," nikasema. "Hiyo ni dharau."

"Nikatae nifanye nini? Nije niendeshe foklifti ghalani na wewe?"

Akatia sahihi kwa kidole, akaifunika simu.

Saa kumi na moja kengele ililia. Nikachungulia dirishani. Wacuka na nusu ya kwaya, sufuria ya pilau, maua, na wimbo tayari umeanza.

"Yuko wapi mtangazaji wetu wa saa kumi na mbili?" Wacuka alipaza sauti.

Chepngetich alijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Wafungulie, Baba. Hao ni wageni wako."

Nikafungua.

"Kile kiti amepewa mtu mwingine," nikawaambia kabla hawajavua viatu, "na ni mdomo wangu uliokitoa."

Wacuka aliimba mstari mzima kabla ya kunielewa.