Kamera Tatu Zilizokuja Kuniposa

Usiku wa jana niliota kamera tatu zimekuja kwetu kuniposa.

Sikushangaa sana. Kilichonishangaza ni kwamba zimekuja zote siku moja, maana kwa kawaida posa hupishana, mmoja akitoka ndipo mwingine apige hodi. Zilikuwa zimekaa ukumbini kwa Shangazi Mwanamkasi juu ya mkeka mpya, na viatu vyao vilikuwa mlangoni, vidogo kama vya kichanga.

Nieleze kwanza mambo ya nje ya usingizi ili ndoto ifahamike. Jumamosi rafiki yangu Mwatime anasingwa, yaani anapakwa liwa mwilini, kabla ya harusi yake. Anataka picha za mle ndani, wanawake peke yao, mahali ambapo mpiga picha mwanamume hakanyagi. Hapa Tanga wapiga picha tunaowajua ni wanaume watupu. Basi Mwatime akanitaka mimi, kwa kuwa nimekuwa nikiwapiga picha majirani kwa simu, nami nikakubali kwa kutikisa kichwa.

Shangazi alipopata zamu yake ya upatu alinipeleka dukani kwa Bwana Shekue, barabara ya kumi na mbili, tununue kamera ya kubadilisha lenzi. Hiyo ilikuwa jana. Bwana Shekue aliisifu kamera moja kubwa mpaka povu likamtoka. Bei yake ilimeza upatu wote, na lenzi haikuwamo. Akatuonyesha na nyingine mpya, ya lenzi ndefu. Mimi nilikuwa naitazama nyingine, ndogo, iliyokwisha kutumika, ndani ya kabati la kioo. Aliponiuliza nasemaje, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akacheka, akamwambia Shangazi, "Mwali akinyamaza ameridhia." Akaiweka ile kubwa kando tuje kuichukua asubuhi.

Ndio hao waliokuja. Nasema hao kwa sababu kitu kikishakuja kukuposa si adabu kukiita kitu.

Mshenga wao alikuwa Mzee Stendi, mrefu, mwembamba, wa miguu mitatu, amevaa kanzu. Alijaribu kukaa mkekani akashindwa. Kila alipokunja mguu mmoja, miwili iliyobaki iligombana. Shangazi akamwambia asimame tu, naye akajibu kwamba hana neno, maisha yake yote amesimama kwa ajili ya watu wengine.

Shangazi akaleta sinia limefunikwa kawa. Alipofunua, zilikuwa betri, zimechajiwa, zingali moto. Wageni wakanawa mikono, wakala.

Mkubwa peke yake hakula. Katikati ya uso alikuwa na shimo la duara, mahali pa lenzi, na ndani yake kitu kiling'aa kama jicho la samaki. Alizungumzia humo humo shimoni, kwa sauti ya mtu aliye kisimani.

"Na jamaa zako wako wapi?" Shangazi akamuuliza.

"Lenzi zangu ziko ng'ambo. Ni watu wa heshima, hawasafiri ovyo. Mwakani watakuja, Mungu akipenda."

"Na mpaka huo mwakani mwanangu atatazamia nini?"

"Atanitazama mimi," akasema Mkubwa.

Inzi akaingia shimoni mwake. Mazungumzo yote yaliyofuata tulimsikia akizunguka mle ndani, lakini hakuna aliyetaja, kwa heshima ya ugeni.

Wa pili aliitwa Shingo. Huyu alikuwa mpya, anang'aa, na lenzi yake ilikuwa shingo ndefu inayotoka na kuingia kama ya kobe. Nisiseme uongo, moyo wangu ulimwendea yeye kwanza. Alirefusha shingo mpaka sikioni kwangu akaniambia kwamba kwake nitakaa kona ya mwisho, nyuma ya pazia, naye ataniletea watu mpaka puani. Hakuna atakayejua kama nimo.

Wa tatu alikuwa yule mdogo wa kabatini. Alikuwa amechubuka pembeni, na lenzi yake ilikuwa fupi na pana, kama kikombe cha kahawa. Alisema kabisa kwamba amekwisha kuoa mara moja akaachwa. Shangazi akauliza sababu ya talaka.

"Aliona mwenye mwili mkubwa kuliko wangu," akasema Mdogo. "Simlaumu. Lakini lenzi za ukoo wangu zimejaa mjini hapa, mpya kwa kuukuu, na zote zinanikubali. Ila mimi sina shingo. Siendi mbele wala sirudi nyuma. Akitaka mtu awe karibu, atakwenda mwenyewe."

Shangazi alisema hajapata kusikia mposaji anayejinadi hivyo. Mzee Stendi akakohoa, akatukumbusha kwamba mwili wa kamera huchokwa, ukoo wa lenzi ndio mtu hubaki nao, na lenzi za ukoo mmoja hazifungi ndoa na mwili wa ukoo mwingine. Kisha akatangaza utaratibu.

"Mwali ataulizwa mara tatu, kila mguu wangu mara moja. Akicheka, ameridhia. Akilia, ameridhia. Akinyamaza, amemridhia Mkubwa."

"Na akisema hapana?" Shangazi akauliza.

Mzee Stendi akafikiri. "Hilo sijawahi kuletewa," akasema. "Nitaulizia."

Mguu wa kwanza ukasogea ukaniuliza kama nimeridhia. Nikatazama vidole vyangu. Mkanda wa Mkubwa ukaja ukitambaa juu ya mkeka, ukapanda, ukanivaa shingoni. Ulikuwa mzito kama ndoo ya maji.

Nilipoinua kichwa hatukuwa kwa Shangazi tena. Tuko mlangoni kwa akina Mwatime, nami ndiye niliye mbele. Ndani nasikia vigelegele na harufu ya udi. Mlango unatutazama mmoja mmoja.

"Hapa hawaingii wanaume," unasema mlango.

Mkubwa anasema yeye ni chombo. Mlango unamjibu bila haraka kwamba kamera iliyoshikwa na mwanamume ni mwanamume, iliyoshikwa na mwanamke ni mwanamke, na isiyoshikwa na mtu ni mzigo, ikae nje na majamvi. Ninawapakata wote watatu kama watoto, Mzee Stendi namtia kwapani, na mlango unafunguka.

Ndani kunawaka taa ya chemli moja tu. Mwatime amekaa katikati, amefunikwa kanga, na somo wake, yule mama wa kumfunda, anamsinga mikono. Mama yake Mwatime yuko miguuni pake. Hapo nakumbuka alichoniambia Mwatime tulipokuwa tunachambua mchele: picha nyingine zote zikikosekana hatanuna, lakini anataka uso wa mama yake wakati kanga inapofunuliwa. Yeye mwenyewe hatauona, kwa sababu bibi harusi huambiwa ainamishe macho. Sasa somo ameshika pindo la kanga.

Mguu wa pili unaniuliza kama nimeridhia. Nakaa kimya. Mkanda unakaza, na magoti yangu yanazama sakafuni kama kwenye tope.

Mkubwa anasema sasa tumwachie mwenye kazi. Anajitokeza mbele ya wanawake na kupanua shimo lake. Liwa ya kusingia inamwingia yote, anapiga chafya, na inzi anatoka amepakwa manukato. Wanawake wanamwambia yarabi afya. Hakuna picha.

Shingo ananivuta nyuma ya pazia. Hapo pazuri, pana giza, hakuna anayenitazama. Anarefusha shingo mpaka katikati ya ukumbi, lakini kadiri inavyorefuka ndivyo anavyozidi kuwa kipofu, maana taa ya chemli haimtoshi. Anaomba radhi, anawasha flashi yake. Kunapambazuka. Majogoo wanawika, wanawake wanainuka kwenda kuchota maji, na somo anauliza nani kaleta asubuhi kabla ya wakati. Inabidi wapepee kwa vipepeo vya ukindu mpaka usiku urudi.

Nabaki na Mdogo mkononi.

"Sogea," ananiambia.

Namwonyesha kwa macho kwamba watu wataniona.

"Wamekuona tangu ulipoingia," anasema. "Ulidhani wanadhani wewe nani, pazia?"

Natoa goti moja sakafuni, kisha la pili. Nakwenda. Ukumbi unarefuka kadiri ninavyotembea, kama uwanja wa ndege, lakini wanawake wananipisha kwa magoti yao. Mmoja ananiambia nipite tu, mwanangu, ila nisimkanyagie chetezo cha udi. Mwingine ananivuta kanga na kuuliza mimi ni binti wa nani, na kabla sijajua la kujibu wenzake wamekwisha kumjibu. Nafika mkekani. Mama yake Mwatime ananitazama.

"Siwatu, umekuja," anasema, na anasogea kunipa nafasi.

Naweka jicho kwenye kitundu cha Mdogo, nakibana mpaka mfupa wa nyusi unauma. Lenzi yake fupi inapanua mboni, na ile chemli moja inatosha. Uso wa mama uko wazi mpaka kope. Walio nyuma yake wanayeyuka, wanakuwa laini kama uji. Mmoja wao anauliza bila hasira kama watarudishiwa sura zao. Mdogo anamjibu kwamba watarudishiwa, tutawafuata mmoja mmoja.

Somo anafunua kanga. Mama anacheka huku ameng'ata pindo la mtandio wake ili asilie. Nabonyeza. Kitufe hakishuki.

"Bado mimi si wako," Mdogo ananinong'oneza. "Kitufe cha mtu hakibonyezwi."

Na hapo hapo mguu wa tatu unafika, ule mfupi, unachechemea. "Kwa mara ya mwisho," unasema. "Mwali ameridhia?"

Mkubwa amekwisha kuvaa joho. Mkanda wake unanivuta nyuma, kichwa changu kinaanza kuachana na kitundu. Uso wa mama unaanza kutulia, machozi yanarudi yalikotoka, baada ya kidogo utakuwa uso wa kila siku.

"Simtaki huyo," nikasema.

Nilisema polepole mno, hata mimi sikujisikia. Mguu ukaniomba nirudie.

"Simtaki huyo mkubwa. Ninamtaka huyu mdogo."

Mkanda ukalegea, ukaanguka chini ukiwa mwepesi kama utepe. Mzee Stendi aliinamisha kichwa kama anayeonja chumvi.

"Kumbe hilo hapana ndivyo linavyosikika," akasema.

Kitufe kikashuka. Kikalia kama njugu inayobanjwa, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shangazi alikuwa amesimama kizingitini, amekwisha kujitanda, kibeti mkononi. Akaniuliza nimelalia nini. Nikapapasa, kitanda kilikuwa na shuka tu. Nikaenda kwenye kioo. Kuzunguka jicho langu la kulia kulikuwa na alama nyekundu iliyobonyea, ya pembe nne za mviringo, ila moja haikuwapo. Pale kwenye pembe ya nje ngozi ilikuwa nzima, kama kilichonibana kilikuwa kimemeguka.

Niliosha uso kwa maji baridi. Alama haikutoka.

Bwana Shekue alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Ile kubwa ilikuwa juu ya meza, ndani ya boksi lake, imefungwa kamba. Akaanza kumsalimu Shangazi na kumpongeza kwa kuchagua vizuri.

"Bwana Shekue," nikasema, "mimi naitaka ile ndogo ya kabatini. Na lenzi yake fupi."

Shangazi alinigeukia, kibeti kikiwa nusu wazi. Bwana Shekue alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na meza. Hakubisha. Akachukua ufunguo, akafungua kabati ambalo jana sikuligusa hata kioo chake, akaitoa kamera, akapuliza vumbi. Aliigeuza nyuma anionyeshe kitundu cha kutazamia. Kilizungukwa na mpira mweusi wa pembe nne, na pembe moja ilikuwa imemeguka.

Akautazama ule mpira. Akalitazama jicho langu. Akautazama tena mpira.

"Binti," akaniuliza taratibu, "nani kakufungulia duka usiku?"