Vioo Saba Ukutani

Ilze aliingia kwangu mjini Kumbakonam mwezi wa Novemba na begi kubwa kuliko mimi. Kabla hajavua viatu vizuri akaugonga ukuta kwa kidole, kama mtu anayechagua nazi.

"Anti Visalam, nyumba hii ina miaka mingapi?"

"Imemzidi mama mkwe wangu miaka kumi, na wote wawili wanavuja."

Alitoka Latvia, nchi ambayo mpaka leo sijui iko upande gani wa theluji. Alikuja kwa miezi sita kujifunza kazi kwa wahandisi wanaopima udongo. Ofisi ikamtafutia nyumba ya kukaa, ikanipata mimi, mjane ninayeishi kwa kusukuma appalam, chapati zile nyembamba kama karatasi za kuanikwa na kukaangwa. Nikampa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ni cha mama mkwe, miaka themanini na mmoja, masikio mazima, ulimi mzima zaidi.

Wiki mbili alikuwa mgeni. Wiki ya tatu mama mkwe alimchapa mkono wa kushoto kwa kijiko alipojisahau akala nao, na kuanzia hapo akawa mtoto wa nyumba.

Nyuma yetu, upande wa kusini, jirani aitwaye Thangavelu alikuwa akichimba shimo la gesti ya mahujaji. Alitaka magari yalale chini ya ardhi. Shimo lilishuka mpaka mguuni mwa ukuta wetu, ukuta ule ule ambao mama mkwe huulalia kichwa. Pampu ilivuta maji kutwa nzima na kuyamwaga kwenye mfereji wa barabarani.

Siku moja nilimkuta Ilze amechutama mferejini, anachota maji yale kwa kikombe changu cha kahawa.

"Huko kwenu hamna maji, mwanangu?"

Alikiweka kikombe kizingitini, akasubiri. Maji yalipotulia, chini palikuwa na mchanga wa vidole viwili.

"Mchanga wa Thangavelu huo," nikasema.

"Ni wenu, Anti. Unatoka chini ya kitanda cha Bibi."

Jioni ile alibandika vioo saba kwenye nyufa za chumba cha nyuma, vipande vyembamba kama vile vya kupimia damu hospitali, kila kimoja kimeshikizwa kwa saruji huku na huku ya ufa.

"Kikivunjika kimoja, ujue ukuta umetembea."

"Utembee kwenda wapi, sokoni?"

Ilze huwa anacheka hata ninapokosea chumvi. Safari hii hakucheka. Alimwomba mama mkwe ahamie chumba cha mbele, yeye alale sebuleni.

"Chumba hiki nimeingizwa bibi harusi, nikiwa na miaka kumi na minne," mama mkwe akasema. "Nitakitoka nimebebwa. Mwambieni mtoto wa theluji abandike vioo vyake hata kwenye paji langu."

Kioo cha kwanza kilivunjika Desemba. Ilze aliandika kando yake tarehe na saa. Cha pili kikafuata baada ya siku tisa, cha tatu baada ya nne, cha nne baada ya mbili. Nami nikaenda kwa Thangavelu. Alinipa kiti na ndimu mbili za heshima.

"Dada, ukuta mzee hukohoa. Usiusikilize."

"Marehemu mume wangu naye alianza kwa kukohoa, kaka."

Akacheka, nikacheka. Pampu haikusimama.

"Vikifika vitano," Ilze akaniambia, "nitavibandua na tarehe zake nimpelekee mhandisi wa manispaa. Huo ndio ushahidi. Siku hiyo hiyo watamsimamisha." Kisha ofisi ikampeleka pwani siku tatu kupima udongo wa daraja. Alikuwa arudi mkesha wa Pongal, sikukuu yetu ya mavuno.

Sasa, mkesha wa Pongal kila nyumba mtaani kwetu hutoa nje kilichochakaa na kilichovunjika, huchoma cha kuchomwa, hutupa cha kutupwa, halafu hupaka chokaa. Kioo kilichovunjika hakilali ndani siku hiyo. Hilo sikufundishwa, nilinyonyeshwa. Nilishika kisu na ndoo nikaingia chumba cha nyuma nikiimba. Kichwa changu hakikuwaza lolote, mikono ndiyo iliyojua kazi. Nilipokuwa nabandua nikahesabu: vyote saba vilikuwa vimevunjika. Nikasema afadhali, basi havina kazi tena. Nyufa nikaziziba, ukuta ukawa mweupe kama maziwa.

"Ona," mama mkwe akasema, "umepona."

Ilze alirudi alasiri ile ile. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, halafu akakaa chini taratibu, begi bado mgongoni.

"Vingapi vilikuwa vimevunjika, Anti?"

"Vyote."

"Viko wapi?"

"Gari la taka limeondoka mchana." Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Manispaa ilikuwa imefungwa siku nne. Hakunilaumu. Aliinua kichwa kama mbwa anayesikia kitu.

"Pampu imenyamaza tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Vibarua wameenda kwao sikukuu. Angalau masikio yamepumzika."

"Shimo linajaa maji," akasema. "Ukuta umesimama juu ya uji."

Alibandika kioo cha nane juu ya chokaa yangu mbichi. Alimwomba mama mkwe atoke chumbani, nami nikamwomba. Akatugeuzia mgongo.

Alfajiri kioo kilikuwa vipande viwili, na kati yavyo kidole changu kilipita. Mlango wa chumba ulikwaruza sakafu ukagoma nusu. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, ameshaoga, amevaa sari mpya.

"Mama, njoo upike nasi nje."

"Pikeni. Nitasikia yakichemka."

Kwetu Pongal huanza kwa maziwa kuchemka na kumwagika nje ya chungu jua linapotoka, na mtaa mzima huangalia yanamwagikia upande gani kwanza. Mashariki ni heri. Kusini ni kwa mungu wa kifo. Nikapanga mawe matatu mbele ya mlango wetu, pale pale pa kila mwaka, nikawasha kuni. Maziwa yalipoanza kutetema nikaingia ndani mbio.

"Mama, yamemwagikia kusini."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine nimekula nao. Ule ulinikausha mate.

"Umeyaweka mawe vibaya, mwanamke wewe," akasema akitafuta fimbo yake. "Miaka thelathini na tano nakufundisha kuweka chungu." Akajipenyeza kwenye ule mlango uliogoma, akinitukana hatua kwa hatua, ukumbini, sebuleni, kizingitini. Ilze alimshika kiwiko akamvusha barabara, mpaka upande wa pili kwa majirani.

Mama mkwe akageuka kukikagua chungu. Akaacha kunitukana katikati ya neno.

Maziwa yalikuwa yamepanda tukiwa ndani. Yalishuka upande mmoja tu, mstari mweupe kuelekea kizingiti chetu, kuelekea kusini. Mawe hayakuwa na kosa. Ardhi ndiyo iliyoinama, na chungu nacho kikainama.

"Ni kweli," mama mkwe akasema taratibu.

Kisha tukasikia ndani ya nyumba kama mtu anavunja appalam moja kiganjani. Halafu kumi. Halafu kapu zima. Vumbi jeupe la chokaa yangu likatoka kwa mlango wa mbele, polepole, kama mtu aliyealikwa.