Vitawi Visivyo na Macho

Asani alipopiga simu kutoka Salamabila kusema amepata nyumba, Régina alikuwa ameinama juu ya beseni ya nguo, simu ameibana kati ya sikio na bega, povu linamteremka mpaka kwenye kiwiko. Nyumba ni nzuri, Asani alisema, mabati mapya, mulango una kufuli. Régina akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Simu ilipokatika alizitazama zile nguo, akawaza kwamba zikikauka afadhali azitie moja kwa moja mu saki, ule mufuko wa kuhamia. Nguo za watu wengine zinatoka kwenye kamba zinaingia mu kabati. Zake zilikuwa zinajua saki tu.

Asani ni mununuzi wa dhahabu. Si ile dhahabu ya kujaza mukono, hapana; ile ndogo, inayopimwa mu mizani kwa njiti ya kiberiti. Akisikia kwamba pahali fulani kumetoka dhahabu, usiku wake umekwisha. Kwanza walikaa Kabambare. Kisha Lusangi. Kisha Kasongo, mu parsele ya dada yake Mwanvua, kiwanja chenye nyumba, na ndiko Régina alikobaki na watoto. Kila pahali Asani aliweka viatu chini akasema hapa ndipo. Kasimu, mutoto wao wa kwanza, alikuwa ameanza darasa la ine mu shule tofauti tofauti, mpaka ukurasa wa kwanza wa kitabu anaujua kuliko mwalimu. Wa katikati hajawahi kuuona.

Sasa, kulikuwa na neno la mama mukwe. Siku ya ndoa yule mama alimupa Régina mukebe wa rangi uliojaa udongo, na ndani yake lile ua la kutambaa, lenye majani kama moyo na madoa ya manjano, ambalo watu wanalipitisha ukutani juu ya picha. Akamwambia kwamba mwanamuke haingii nyumba mupya mikono mitupu. Atangulize kitu chenye mizizi, ndipo sufuria na godoro vifuate. Yeye mwenyewe aliingia kwake na chipukizi cha ndizi. Ila yeye alihama mara moja tu mu maisha yake yote, basi neno kama lile lilikuwa jepesi kwake kulisema.

Asani haogopi barabara wala mvua wala watu wenye bunduki, lakini neno la mama yake analiogopa. Na mukebe mukubwa, juu ya pikipiki, pamoja na watoto na godoro, ni kutafuta matatizo. Kwa hiyo Régina alijifunza kukata. Unatafuta jicho, lile fundo dogo kwenye shina ambapo jani linatokea. Unapitisha wembe chini yake. Unaondoa jani la chini, unatia kitawi mu chupa ya mayi, unaiweka dirishani pasipo jua kali. Mayi yakichafuka unabadilisha. Mizizi inatoka pole pole, kwanza kama kipele, kisha mirefu kama ndevu za kambale. Hapo unaweza kwenda. Mama wa ua anabaki kwa mutu anayebaki. Huko Kabambare na Lusangi wako watu wanaomwagilia maua ya Régina mpaka leo, na sura yake wameisahau.

Jioni ya siku ile ya simu alichukua wembe, akaliendea ua lililotambaa ukutani. Alikuwa amefua, amepika, amegombana na Kasimu juu ya kuni, na mugongo wake ulikuwa unamuambia mambo ambayo hayaandikwi. Alikata huku amesimama, kama mutu anayekata kucha. Asubuhi ndipo aliona alichofanya. Vitawi vyote vilikuwa vimekatwa juu ya jicho. Jani na mukia wake tu, basi. Jani la namna ile unaweza kulinywesha mayi mpaka uzeeke: litakaa kijani, litang'aa, litakupendezea wageni, na hakuna kitu kitaota.

Alipaswa kuvitupa akate vingine. Ni kazi ya muda wa kupika chai. Alisimama pale na wembe mukononi. Kisha akaongeza mayi mu chupa, akarudisha wembe pahali pake.

Asani akipiga simu, anauliza mizizi. Régina anamujibu bado. Na halikuwa neno la uongo, ndio uzuri wake. Akiulizwa wiki inayofuata, bado. Majani yalikuwa yamenona kama watoto wa padri.

Mwanvua alikuwa anapita pale dirishani kila akitoka shamba, jembe begani, na yeye mudomo wake hauna likizo. Alisema kwao kitu kikitiwa mu mayi ni kwa sababu watu wanataka kioze, kama mihogo. Akamuuliza wifi yake unga wa maua utatwangwa lini, maana yeye ameshaandaa kichungio. Régina alicheka kidogo, kicheko cha kulipa.

Lakini siku moja Mwanvua alitua jembe, akachomoa kitawi kimoja mu chupa. Alikigeuza kama anavyogeuza muti wa muhogo kabla ya kuupanda, akitafuta macho kwa kidole gumba. Kidole kilipita, kikarudi, kikapita tena. Alikirudisha mu chupa, akasema jioni ataleta sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, akaenda.

Basi amejua. Na Régina, akiwa ameketi pale na nguo ya kushona mapajani, alijua kwamba damu ni damu: Asani ni kaka yake, na simu Mwanvua anayo. Siku zile zote alikuwa anangoja simu ilie kwa sauti ya hasira. Ililia kwa sauti ile ile: mizizi?

Halafu Asani akaja mwenyewe, saa sita mchana, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, juu ya pikipiki ya kukodi, na mwenye pikipiki aliambiwa angoje nje. Alikula. Aliuliza habari za watoto. Akasogea dirishani, akavitazama vitawi, akatikisa chupa moja, kisha akamugeukia Mwanvua aliyekuwa anachambua sombe mulangoni. Yeye mutu wa shamba, aliuliza, anaona hii ni shida gani?

Régina alitazama mikono ya wifi yake. Haikusimama.

"Labda vinangoja wewe ukae chini kwanza, kaka."

Asani akacheka. Alicheka vizuri, kwa moyo, na huku anacheka macho yake yakapanda ukutani, yakafuata lile shina refu kutoka msumari mupaka msumari, yakashuka kwenye kona hadi mukebe.

"Hii si iko na mizizi?" akasema. "Mama alisema kitu chenye mizizi. Hakusema kidogo."

Akaanza kulifungua ua kwenye misumari, polepole, kwa mikono ile ile inayopima dhahabu kwa njiti. Alikuwa anajipongeza. Régina alimuangalia tu. Alitafuta uongo mwingine mu kichwa, akakuta hata yule wa kutunga uongo ndani yake amelala.

"Baba Kasimu, uifunge vizuri," alisema. "Lakini ujue inaenda peke yake."

Asani akageuka, shina limemuzunguka shingo. "Namna gani peke yake?"

"Miye siendi. Nimechoka."

"Unaacha ndoa, Régina?"

"Siachi kitu. Ndoa iko hapa, mu nyumba ya dada yako, na njia unaijua. Lakini kukufuata nyuma na sufuria, hapana. Nimechoka mpaka mu meno."

"Na mama? Nitamwambia nini mama?"

"Alisema kitu chenye mizizi kitangulie. Si kinatangulia? Siku ya miye kufuata hakuisema."

Asani akamutazama Mwanvua. Mutu akishindwa na bibi yake wa ndoa anatafuta dada. Akamuuliza kama alijua jambo hili. Mwanvua alijibu kwamba yeye anajua mihogo tu, akaendelea na sombe.

Asani alibaki amesimama katikati ya saloni, chumba cha wageni, na ua mikononi. Kulirudisha ukutani ni kukubali. Kutoka nalo ni kuchekwa. Nje pikipiki ilipiga honi. Alitoka nalo. Walifunga mukebe kwa mupira wa tairi kwenye kiti cha nyuma, pale mwanamuke anapokaa, na Asani akajibana katikati. Mwenye pikipiki aliuliza madamu iko wapi. Aliambiwa aendeshe. Wakashika barabara, majani yakimupiga Asani mugongoni kama mutu mwenye neno la kuongeza. Atarudi, hilo Régina alikuwa na hakika nalo. Lini, na kwa moyo gani, hapana.

Régina alidhani atalia. Alitandika mukeka pale pale saloni, ajaribu, na machozi hayakupata nafasi.

Mwanvua alikuja baadaye kuuliza kama sombe itwangwe sasa au jioni. Alimukuta amelala mchana kweupe, mudomo wazi, mikono imetupwa huku na huku. Mzaha ulimufika ulimini, akaumeza. Aliwafukuza watoto waende kuchezea mu parsele ya jirani, kisha akainua kinu, kizito kile, akaenda kutwangia kule nyuma ya jiko, mbali.