Foleni ya Mababu

Mimi si mtu wa kunyamaza, na asubuhi ile Lodwar nilimwambia kila aliyenisalimu kwamba mwanafunzi wangu atashinda. Mashindano ya sayansi yalikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Nairobi, na Ayen alikuwa ameililia mwaka mzima.

Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na sanamu zake za udongo ndani ya katoni: mababu wa kale, kuanzia aliyeinama hadi aliyesimama wima. Nikaanza kuwapanga mezani, mmoja nyuma ya mwingine, kama kwenye kila kitabu cha shule. Ayen akanishika mkono.

"Madam Nelly, hapana. Si ulitufunza hawa wengine waliishi wakati mmoja?"

Kweli nilimfunza, tena kwa kelele: mafuvu ya aina tofauti, ya umri mmoja, yamechimbwa kando ya ziwa letu, na nyayo za aina mbili zimekutwa kwenye tope lilelile. Nikamwachia meza yake. Akaweka karai la maji katikati kuwa ziwa, akawatawanya mababu pembeni yake.

Jaji alikuwa Ethuro, mwalimu mstaafu, mkali.

"Ejok," akamsalimu Ayen kwa lugha ya wenyeji. "Unatoka wapi?"

"Ejok, mwalimu. Kakuma."

"Nauliza kwenu."

"Ni Kakuma. Nilizaliwa hapo."

Akaguna, akatazama sanamu. "Foleni iko wapi? Huyu alizaa huyu, huyu akazaa huyu."

"Foleni naijua, mwalimu, nimekua nikipanga ya maji. Hawa hawakupanga. Huyu na huyu walikanyaga tope moja, pengine hata siku moja. Wengine waliisha, mmoja akatuzaa sisi."

"Yupi?"

"Bado hatuna uhakika. Mfupa mwingine ukipatikana kesho, nitawapanga upya."

Nilijawa na fahari hadi nikashindwa kusimama mahali pamoja. Ethuro aliinama juu ya karai.

"Sasa hapa mwenye ziwa alikuwa nani, na mgeni nani?"

"Wote walizaliwa hapo," Ayen akasema. "Kama mimi."

Ethuro akaenda meza ya pili. Alasiri ndiye aliyeshika kipaza sauti kutangaza mshindi.

"Ayen," akasema, akamtazama. "Wa Kakuma."

Nilipiga vigelegele mpaka ukumbi mzima ukageuka. Ayen hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa amenishika mkono, machozi yakimtoka.

"Madam, umesikia? Amesema kwetu ni Kakuma."