Mguu wa Kushoto wa Bi Shuka

Shangazi alifanya kazi wodini miaka thelathini na mmoja, na wauguzi aliowanoa walimwita Bi Shuka, kwa kuwa hakuna kitanda kilichomridhisha mpaka shuka linyooke bila mkunjo hata mmoja. Alistaafu yeye, ukali wake ukabaki kazini. Muuguzi ambaye hajakesha wodini, alisema, ni jina tu.

Na kumbe aliyemtia doa ni binti wa kaka yake, aliyemlea tangu darasa la pili na kumpenda kama mboni ya jicho. Binti alimaliza chuo cha uuguzi, akaenda moja kwa moja kuhudumia wagonjwa majumbani. Wodini hakutia mguu. Mwaka wa pili sasa alikuwa akizunguka mitaani na begi mgongoni, kufunga vidonda na kupima sukari, na aliipenda kazi ile kupita kiasi. Shangazi aliwaambia majirani, "Huyu wangu anatembea na begi." Neno muuguzi halikumtoka.

Jumapili moja akampigia simu. "Njoo tule. Nina neno."

Neno binti alilijua. Shangazi alikuwa amemwombea nafasi wodini kwa matroni, na jibu lilitakiwa kesho yake asubuhi. Tangu azaliwe hajawahi kumwambia shangazi hapana, na njia nzima alikuwa akiijaribu hiyo hapana mdomoni, ikawa haikai.

Mlangoni akasimama. Wauguzi wa majumbani hutazama viatu kabla ya kupiga hodi, maana mgonjwa huweza kuficha, viatu haviwezi. Vya shangazi vilipangwa sawasawa kama kawaida, ila cha kushoto kilikuwa kimekanyagwa kisigino kikalala. Shangazi huyu huyu aliyewafokea watoto wa mtaa mzima kwa kukanyaga viatu! Na ndani, upande wa kidole kidogo, palikuwa na doa la majimaji ya kidonda. Akaingia bila kupiga hodi, kwani shangazi alikuwa na kisukari mwaka wa sita sasa.

"Shikamoo Shangazi. Naomba mguu wa kushoto."

"Marahaba. Mguu wa nini? Kaa, tuzungumze kazi."

"Mguu kwanza."

"Nimefunga vidonda kabla mama yako hajaolewa, wewe!"

"Najua. Lete."

Akapiga magoti. Bandeji ilikuwa imefungwa kwa ustadi, pembe zimekunjwa kama za shuka. Chini yake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya harage.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu," shangazi akasema, akitazama dirisha.

Binti alitoa kwenye begi uzi mgumu wa plastiki wa kupimia hisia. "Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Shangazi akafumba. Akangoja. Akangoja tena, mwisho akachoka. "Si uanze basi!"

"Nimeshagusa mara tano, Shangazi."

Mama wa watu akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza binti akamwona anaogopa. "Wodini tuliletewa miguu kama hii," akasema polepole. "Ikiletwa, ni ya kukatwa. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Ililetwa imechelewa. Huu bado. Kesho saa moja nakupeleka kwa daktari, halafu nitakuja kufunga kila baada ya siku moja. Na huu usiukanyagie."

"Na wodi je?"

Binti alikuwa bado ameushika ule mguu. "Hapana, Shangazi," akasema. Ilitoka nyepesi kabisa.

Bi Shuka alipapasa simu mezani, akampigia matroni palepale, mguu ukiwa bado mapajani mwa binti.

"Ile nafasi mpe mwingine," akasema. "Huyu ni muuguzi wangu, na mimi sijapona."